Rais Anapogombea Tena Kura ya Mchujo: Anza na Karatasi, Asilimia Baadaye

Januari 23, 2024, kwenye kura ya mchujo, ile ya kumchagua mgombea wa chama, wapiga kura wa Democratic katika jimbo la New Hampshire walipewa karatasi yenye majina 21 ya watu wanaotaka urais. La Joe Biden, rais aliyekuwa Ikulu na akiomba muhula wa pili, halikuwemo. Usiku ule ule akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 64. Kura zake zilikuwa kama 79,000 hivi, na kila moja iliandikwa kwa mkono na aliyeipiga. Siku kumi na moja baadaye, South Carolina, jina lake likiwa limechapwa, alipata asilimia 96. Wiki tatu na ushei mbele, Michigan ikampa 81.

Ukizipanga namba hizo kwenye mstari mmoja utadhani rais alipaa kisha akaporomoka. Sisi tunaozifuatilia chaguzi hizi kwa karibu tumejifunza kuziweka pembeni kwanza, tuulize mpiga kura alikabidhiwa karatasi ya namna gani. Je, jina la rais limo? Kuna kiduara cha kumkataa? Kuna mstari mtupu wa kuandika jina? Nani amezuiwa kuchukua karatasi hiyo, na nani kutoka nje ya chama ameruhusiwa? Ukishapata majibu hayo, asilimia ndiyo inaanza kusomeka.

Msomaji wa Tanzania anaujua utaratibu wa fomu moja. Mwaka 2020 John Magufuli alichukua fomu ya urais ya CCM peke yake, na Januari 2025 mkutano mkuu wa Dodoma ukampitisha Samia Suluhu Hassan akiwa jina pekee. Marekani desturi hiyo ipo, ila haina mlango wa chuma. Vyama hujaribu kumlinda rais wao, na vingine hufaulu kabisa: mwaka 2020 Warepublikani wa South Carolina, Nevada na Kansas walifuta kura zao za mchujo ili Donald Trump asisumbuliwe, na mwaka 2024 Wademokrati wa Florida walipeleka jina moja tu, la Biden, kwa hiyo hakukuwa na la kupigia kura. Lakini kuna majimbo ambako uchaguzi wa mchujo ni mali ya serikali ya jimbo. Huko chama hakiwezi kuufuta hata kikitaka. New Hampshire ndiyo kichwa cha majimbo hayo.

Kuingia kwenye karatasi ya New Hampshire ni rahisi kupita kiasi. Unajaza fomu ya tamko, unalipa dola 1,000, basi. Dirisha la 2024 lilifunguliwa Oktoba 11, 2023 na kufungwa Oktoba 27. Dean Phillips, mbunge wa Minnesota aliyeamua kumkabili Biden, alifika ofisini Concord, makao makuu ya jimbo, siku ile ya mwisho. Kwa bei hiyo hupata watu wa kila aina: wabunge, wafanyabiashara, na Vermin Supreme, yule bwana anayevaa kiatu cha mpira kichwani na kuahidi kila Mmarekani farasi mdogo. Waandishi wageni humcheka halafu wanampuuza, kumbe majina kama lake yana kazi. Jina la rais lisipokuwepo, kila jina la ziada linarefusha orodha ambayo mpiga kura lazima aishuke hadi chini kabisa, kwenye ule mstari mtupu.

Biden hakujaza fomu kwa sababu ya ugomvi wa kalenda. Mwaka 2020 alishika nafasi ya tano New Hampshire, chini ya asilimia 9, kisha South Carolina ikamfufua kwa karibu asilimia 49. Alipokuwa rais, alikiomba chama kiifanye South Carolina kuwa ya kwanza kupiga kura ya mchujo, na kamati ya taifa ikapitisha kalenda hiyo Februari 2023. New Hampshire ina sheria yake, iliyoanzia mwaka 1975, inayomtaka Katibu wa Jimbo apange tarehe siku saba au zaidi kabla ya uchaguzi mwingine wa aina hiyo. Gavana na wengi wa baraza la kutunga sheria walikuwa Warepublikani, hawakuwa na haja ya kuibadili sheria kumfurahisha Biden. Wademokrati wa jimbo nao hawakutaka. Katibu wa Jimbo, David Scanlan, akasubiri mpaka katikati ya Novemba ndipo akatangaza Januari 23. Kwa kanuni za chama, mgombea anayefanya kampeni kwenye jimbo lililoruka foleni huadhibiwa kwa kunyimwa wajumbe wake, wale wanaokwenda mkutano mkuu kumpitisha mgombea wa chama, na rais hakuweza kuvunja kanuni aliyoiomba mwenyewe. Siku ya kura alikuwa Virginia kwenye mkutano wa hadhara.

Kosa la chama halikuwa kukaa pembeni. Kosa lilikuwa barua. Mwanzoni mwa Januari kamati ya taifa iliwaandikia viongozi wa New Hampshire kwamba uchaguzi huo hauna maana na kwamba wawaelimishe wananchi hivyo. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ikajibu kwa onyo la kisheria: kumwambia mpiga kura kwamba kura yake haina maana kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumzuia asipige kura. Wafuasi wa Biden wa hapo jimboni, waliokuwa wamejichangisha kumpigia debe bila yeye kuwaomba, wakajikuta wanashindana na watu wawili kwa mpigo: Phillips na makao makuu ya chama chao.

Kazi ya kampeni ya kuandika jina inaanzia kwenye kalamu. Karatasi ya New Hampshire ina kiduara kando ya kila jina, na mwisho wa orodha kuna mstari mtupu wenye kiduara chake. Mpiga kura anatakiwa kufanya mambo mawili: kukijaza kile kiduara cha chini, kisha kuandika jina. Wengi hukumbuka la pili na kusahau la kwanza. Mashine ya kusoma kura haisomi mwandiko, inaona viduara tu. Kiduara kilichojazwa kwenye mstari mtupu ndicho kinachoiambia mashine kwamba karatasi hii itengwe ikasomwe na watu. Kisipojazwa, kwa mashine hiyo ni kura tupu, na aliyeipiga anabaki kutegemea macho ya wahesabuji waione baadaye.

Kosa jingine lina madhara makubwa zaidi: mtu anajaza kiduara cha mgombea aliyechapwa, halafu anaandika "Biden" chini, akiamini amemwongezea rais nguvu. Hizo ni kura mbili kwenye nafasi ya mtu mmoja, na hakuna inayohesabiwa. Akigundua kabla hajaitumbukiza karatasi, dawa ipo: airudishe kwa wasimamizi, apewe nyingine. Wengi huona haya kurudi. Kwa hiyo watu wa kujitolea waliosimama nje ya vituo na mabango walifundishwa kusema sentensi moja fupi, isiyo na siasa ndani yake: shuka mpaka chini, jaza kiduara, andika Joe Biden. Hoja za uchumi na Ukraine ziliachwa kwa siku nyingine. Aliyefika kituoni kwenye baridi ya Januari akiwa na karatasi ya Democratic alikuwa ameshaamua. Alichohitaji ni kukumbushwa namna.

Tahajia haikuwa tatizo kubwa kama watu walivyohofia. Kanuni ni nia ya mpiga kura: "Biden", "Joe Biden", "Rais Biden", hata jina lililoandikwa kwa herufi moja zaidi, yote huhesabiwa ikiwa anayesoma haachwi na shaka. Shaka huanza mtu anapoandika "Joe" peke yake, au anapoweka ujumbe badala ya jina. Mwaka huo kulikuwa na watu zaidi ya 1,000 walioandika neno la kutaka vita vya Gaza visitishwe. Hizo nazo zilihesabiwa na kuripotiwa, ingawa neno haliwezi kuwa mgombea.

Milango ikifungwa, inaanza kazi ambayo vituo vingi vilikuwa havijaizoea kwa wingi ule. Kwa kawaida kura za kuandika ni chache: kuna anayemwandika mhusika wa katuni, kuna anayejiandika mwenyewe, na wahesabuji wawili wanazimaliza kabla chai haijapoa. Safari hii zilikuwa ndizo kura zenyewe. Karatasi zilizotengwa zinamwagwa mezani, zinakunjuliwa, zinapangwa mafungu mafungu: Biden hapa, neno la Gaza pale, Warepublikani walioandikwa kwenye karatasi ya Democratic kwao, na fungu la utata linaachwa la mwisho. Watu hukaa wawili wawili, mmoja akitamka na mwingine akiweka vijiti, cha tano kikikata vinne. Wakitofautiana hesabu, fungu lote linarudiwa. Fungu la utata humfikia msimamizi wa kituo, na hapo ndipo saa inapokwenda. Mji usioajiri mikono ya ziada mapema hulala kituoni. Katibu wa Jimbo alishawatahadharisha wajiandae, na miji mingi ilimsikia.

Kwa mtazamaji wa televisheni, saa ya kwanza ya matokeo ilichanganya. Majina yaliyochapwa hutoka haraka kwa sababu mashine inayajua; kura za kuandika hutoka kama jumla moja isiyo na jina. Phillips alionekana na kura zake, Biden hana, na chini kulikuwa na rundo kubwa la kura za kuandika ambazo hazijachambuliwa. Waliozoea walilitazama rundo. Likiwa kubwa kuliko kura za Phillips mara kadhaa, mshindi ameshajulikana, na ndiyo maana vyombo vya habari vilimtangaza Biden mapema hata kabla jina lake halijasomwa kwenye vituo vingi. Mwisho wa hesabu Phillips alikuwa na takriban 24,000, karibu asilimia 20. Marianne Williamson, mwandishi wa vitabu aliyegombea pia, alipata kama asilimia 4.

Sasa hiyo 64 ni nzuri au mbaya? Hapa ndipo wachambuzi hugombana, nasi tuna msimamo. Kwenye jimbo hilo hilo, rais mwenye jina lililochapwa na asiye na mpinzani wa maana hupata kati ya 80 na 86: Bill Clinton mwaka 1996 karibu 84, Barack Obama mwaka 2012 karibu 81, Trump mwaka 2020 karibu 85. Akiwa na mpinzani wa kweli hushuka. Jimmy Carter alipata 47 dhidi ya 37 za Ted Kennedy mwaka 1980, na George H. W. Bush 53 dhidi ya 37 za Pat Buchanan mwaka 1992. Wote wawili walishindwa Novemba. Biden ameangukia katikati, tena akiwa na mzigo ambao Carter na Bush hawakuwa nao, wa kutafutwa chini ya majina 21. Kwetu, 64 ya kuandikwa kwa mkono ni matokeo yenye afya. Aliyeyaita aibu hakuishika ile karatasi mkononi.

Tunasema hivyo tukikumbuka kwamba rais mwingine alishinda New Hampshire kwa kuandikwa na bado ikawa msiba kwake. Machi 12, 1968, Lyndon Johnson hakuwa ametangaza kugombea, jina lake halikuwemo, na viongozi wa chama jimboni waliongoza kampeni ya kumwandika. Alipata karibu asilimia 50. Eugene McCarthy, seneta aliyepinga vita vya Vietnam, alipata 42. Magazeti yakaandika kana kwamba McCarthy ameshinda, na Machi 31 Johnson akajitoa.

Watu huikumbuka ile 42 na kusahau makosa ya ufundi yaliyofanyika, nayo ndiyo yenye faida kwa anayetaka kujifunza. La kwanza ni kadi. Kampeni ya Johnson iligawa kadi za ahadi zenye namba, vipande vitatu: kimoja kwa mpiga kura, kimoja kwa ofisi ya kampeni, kimoja kwenda Ikulu. Nia ilikuwa kuwahesabu wafuasi na kuwakumbusha. Watu wa McCarthy wakauliza tu, kura ya siri imekwenda wapi? Wapiga kura wa New Hampshire, wasiopenda kuandikwa majina na serikali, wakaona wanadaiwa utii. La pili ni wajumbe. Enzi hizo wajumbe walichaguliwa mmoja mmoja kwa majina yao, mbali na kura ya mgombea. Watu wa Johnson walijitokeza wengi kuliko nafasi, kila mkubwa akitaka kwenda mkutano mkuu, wakagawana kura. Watu wa McCarthy walipeleka orodha inayolingana na nafasi. Aliyeshindwa kwa kura akaondoka na wajumbe 20 kati ya 24.

Siku hizi hilo haliwezi kutokea hivyo, maana wajumbe wa Democratic hugawanywa kwa uwiano. Lakini kuna kizingiti: mgombea asipofika asilimia 15, jimboni kote au ndani ya eneo la uwakilishi la Bunge, hapati mjumbe hapo. Michigan ilionyesha kizingiti hicho kinavyofanya kazi.

Kwenye karatasi ya Michigan, sheria ya jimbo huweka chaguo la "sijafungamana na yeyote" chini ya majina. Halihitaji kampeni kuliingiza, liko pale kila mara. Mwaka 2008, Obama alipoondoa jina lake kwa sababu ya ugomvi mwingine wa kalenda, chaguo hilo lilipata karibu asilimia 40 dhidi ya 55 za Hillary Clinton. Mwaka 2012 Obama akiwa rais bila mpinzani, lilipata kama 11 bila mtu yeyote kulipigia debe. Kwa hiyo kuna watu ambao hulijaza kila uchaguzi, iwe kuna jambo au hakuna. Februari 27, 2024, baada ya wiki chache za kampeni iliyoongozwa na Wamarekani wenye asili ya Kiarabu na washirika wao waliopinga sera ya Biden juu ya Gaza, lilipata asilimia 13, kura zaidi ya 100,000.

Waandaaji walikuwa wametaja lengo la kura 10,000, karibu sawa na tofauti ya kura 10,704 iliyompa Trump ushindi wa Michigan mwaka 2016. Ujanja mzuri. Kwa jimbo lenye mazoea ya 2012, lengo hilo lilikuwa dogo mno, na kulivuka mara kumi kukawa habari ya dunia nzima. Ukiipima kwa asilimia, kupanda kutoka 11 hadi 13 si tetemeko. Ukiipima mahali ilipotoka, ni habari tofauti: ndani ya mji wa Dearborn chaguo hilo lilimshinda Biden, likipata zaidi ya nusu ya kura. Katika maeneo mawili ya uwakilishi wa Bunge, moja likiwa na Dearborn na jingine Ann Arbor penye chuo kikuu, lilivuka asilimia 15 na kuchukua mjumbe mmoja mmoja. Wawili. Biden alichukua 115 waliobaki. Jimbo zima kwa ujumla halikufika kizingiti, kwa hiyo kura zile nyingine zilizotawanyika hazikuzaa mjumbe.

South Carolina haina kiduara cha namna hiyo wala mstari wa kuandika jina kwenye kura ya mchujo wa urais. Aliyemchoka Biden alikuwa na Phillips, Williamson, au kubaki nyumbani, na wengi wa waliochoka hubaki nyumbani. Ndiyo ile 96. Anayetaka kujua hali ya rais South Carolina aangalie idadi ya waliojitokeza, asilimia itampotosha.

Na ukitaka kuona jinsi idadi ndogo inavyoweza kuchezea asilimia, nenda American Samoa, himaya ndogo ya Marekani katika bahari ya Pasifiki. Machi 5, 2024, kisiwani huko walipiga kura watu 91. Jason Palmer, mfanyabiashara asiyejulikana na karibu mtu yeyote, alimshinda rais wa Marekani 51 kwa 40. Wajumbe wakagawanywa sawa, watatu kwa watatu.

Turudi New Hampshire, maana kuna ndugu zetu wengi Manchester na Concord, Wakongo, Warundi na wengineo waliokuja kama wakimbizi na sasa wana uraia, na maswali yao ni ya vitendo. La kwanza: mwenye kadi ya kijani hapigi kura, hata ya mchujo, hata akipewa fomu na mtu mwenye tabasamu. Kujiandikisha tu kunaweza kumharibia maombi ya uraia. La pili: raia anaweza kujiandikisha siku ile ile kituoni, lakini tangu baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 sheria mpya inamtaka anayejiandikisha kwa mara ya kwanza aonyeshe hati ya uraia, kama pasipoti, cheti cha kuzaliwa au cheti cha kupewa uraia. Tamko la kiapo lililokuwa likikubaliwa zamani halitoshi tena. Cheti cha uraia ni karatasi ambayo wengi wameifungia kabatini wakiogopa kuipoteza. Siku hiyo kitolewe.

La tatu huwaponyoka hata wenyeji. Asiyejiandikisha na chama chochote, na hao ndio kundi kubwa jimboni kuliko chama kimoja kimoja, anaruhusiwa kuchagua karatasi ya chama anachotaka. Ila akishaipokea, kwenye daftari amekuwa mwanachama wa chama hicho. Akitaka kurudi kuwa huru, kabla ya kutoka kituoni apite kwenye meza ya wasimamizi wa daftari na kutia saini. Asipopita atabaki na chama mpaka abadilishe, na itakapofika kura ya mchujo ya Septemba ya ugavana na ubunge, atashangaa kunyimwa karatasi anayoitaka. Aliyekwisha kujiandikisha na chama naye hawezi kuhamia kingine siku ya kura: kwa 2024 mwisho wa kubadili ulikuwa Oktoba 6, 2023, miezi mitatu na nusu kabla. Wademokrati waliotaka kwenda kumpigia Nikki Haley dhidi ya Trump kwenye karatasi ya Republican walikumbuka Januari, mlango umeshafungwa.

Fulana na kofia za mgombea hazivaliwi ndani ya chumba cha kura. Mabango yakae nje ya njia ya kuingilia. Hakuna kura ya mapema kwa kila mtu kama Michigan. Kura ya posta inahitaji sababu inayotambuliwa na sheria. Theluji ikianguka, vaa buti uende.

Simu nazo zina somo lake. Jumapili ya Januari 21, siku mbili kabla ya kura, maelfu ya watu walipigiwa na sauti ya Biden ikiwaambia watunze kura yao kwa ajili ya Novemba. Haikuwa sauti yake, ilitengenezwa kwa akili mnemba. Namba iliyoonekana kwenye simu ilikuwa ya mtu mashuhuri wa chama jimboni, ambaye hakuhusika kabisa. Aliyeagiza alikuwa mshauri wa siasa, Steve Kramer, aliyekuwa amefanyia kazi kampeni ya Phillips. Kampeni ilisema haikujua, naye alidai alitaka kuionya nchi. Sauti yenyewe ilimgharimu dola 150. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilimtoza faini ya dola milioni 6 na ikatangaza kwamba sauti za namna hiyo kwenye simu za halaiki ni kinyume cha sheria. Baraza la wazee wa mahakama jimboni lilimwachia huru Juni 2025, utetezi wake mmojawapo ukiwa kwamba chama chenyewe kilisema uchaguzi ule si halali. Ile barua ya kamati ya taifa ilifika mbali kuliko waandishi wake walivyodhani.

Uongo uliokuwa ndani ya simu ile ulikuwa wa kitaalamu. Haukumtukana mtu. Ulimwambia mpiga kura kwamba kura ni moja, ukiitumia Januari hutakuwa nayo Novemba. Kwa mtu aliyehamia karibuni kutoka nchi ambako huchagua rais mara moja tu kila miaka mitano, hilo linasikika sawa. Jibu ni fupi: mchujo na uchaguzi mkuu ni chaguzi mbili, kupiga moja hakuli nyingine.

Wajumbe wa New Hampshire waliokuwa hatarini walirudishwa baada ya chama cha jimbo kufanya zoezi lake dogo la kuwachagua upya mwezi Aprili, na kamati ya taifa ikaridhia. Zile kura 79,000 hazikuwa zimezaa mjumbe hata mmoja moja kwa moja. Halafu Julai 21 Biden akajitoa. Wajumbe aliokuwa amekusanya majimboni, karibu 3,900, hawakurithiwa na mtu. Kanuni ya chama huwataka wafuate kwa dhamira njema matakwa ya waliowachagua, na mgombea wao akiondoka kila mmoja anabaki na uamuzi wake. Kufikia usiku wa Julai 22 Kamala Harris alikuwa na ahadi za wengi wa kutosha, na mwanzoni mwa Agosti akapitishwa kwa kura iliyopigwa kwa mtandao. Wale wasiofungamana, takriban 30 kutoka Michigan, Minnesota, Hawaii na kwingineko, walikwenda kwenye mkutano mkuu wa Chicago na beji zao halali, wakaomba Mmarekani mmoja wa asili ya Palestina apewe dakika chache jukwaani. Walikataliwa, wakalala nje ya ukumbi usiku mmoja.